Namba ya kusoma kwanza unapochagua kemshafti ya pikipiki

Mtu akiniambia anataka kemshafti, ule mhimili wenye nundu zinazofungua valvu, ya kumpa nguvu ya chini, yaani nguvu injini ikiwa inazunguka taratibu, kwanza namuuliza injini yake huwa inazunguka mara ngapi kwa dakika. Siulizi inafika ngapi ukivuta mafuta yote. Nataka kujua ile unayokaa nayo ukiwa umepakia mtu, unapanda mlima, au unatoka kwenye kona ukiwa gia ya tatu. Angalia mshale wa mizunguko ya injini kwa siku kadhaa bila kujidanganya. Ukikuta unaishi kati ya 2,500 na 4,500, nunua kemshafti inayofaa mizunguko hiyo, hata kama mshale una nafasi ya kufika 9,000.

Kisha omba karatasi ya vipimo. Wengi hukimbilia kimo, yaani valvu inanyanyuliwa milimita ngapi. Mimi natafuta namba moja: valvu ya kuingiza inafunga nyuzi ngapi za mzunguko wa kranki baada ya pistoni kufika chini kabisa. Kwenye karatasi nyingi namba hiyo imeandikwa pamoja na herufi ABDC, kifupi cha Kiingiereza cha “baada ya chini kabisa”.

Pistoni ikishafika chini na kuanza kupanda, valvu ya kuingiza bado iko wazi. Injini ikiwa kasi, hewa na petroli vinakuja kwa msukumo wake, vinazidi kuingia ingawa pistoni inapanda. Injini ikiwa taratibu, msukumo huo ni mdogo mno, na pistoni inakirudisha kwenye njia ya hewa kile ilichotoka kuvuta. Valvu ikifunga mapema, hewa na petroli yote inabaki ndani, mgandamizo unapanda, na pikipiki inavuta tangu unapoachia klachi.

Chukua kemshafti mbili. Ya kwanza inafungua valvu ya kuingiza nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, inaifunga nyuzi 30 baada ya chini. Jumlisha 10, 180 na 30, unapata nyuzi 220 za kukaa wazi. Ya pili inafungua nyuzi 22 na kufunga 50, jumla 252. Muuzaji atakusifia ya pili, na ni kweli huko juu itatoa nguvu farasi nyingi zaidi. Lakini wewe huishi huko. Angalia na valvu ya kutoa: kama ya kwanza inaifunga nyuzi 8 baada ya juu na ya pili nyuzi 24, basi valvu zote mbili zinakuwa wazi pamoja kwa nyuzi 18 kwenye ile ya kwanza na 46 kwenye ya pili. Kwa nyuzi 46 moshi unarudi kuchafua hewa mpya, na injini haitulii ukiachia mafuta.

Ila usilinganishe karatasi mbili kabla hujaona nyuzi zimeanza kuhesabiwa valvu ikiwa imenyanyuka kiasi gani. Kuna wanaoanza kuhesabu valvu ikiwa imenyanyuka milimita 1, na wa Harley-Davidson wamezoea inchi 0.053, karibu milimita 1.35. Ukihesabu tangu valvu inapoanza tu kuachia kiti, kemshafti ileile inaonekana kubwa kwa makumi ya nyuzi.

Kimo si adui. Kimo kizuri na muda mfupi wa valvu kukaa wazi vinakwenda vizuri pamoja, mradi springi zistahimili. Valvu ikiwa imenyanyuka hadi mwisho, springi ibakize angalau milimita 1 kabla koili hazijagusana.

Kipimo ambacho sikiruki kamwe ni nafasi kati ya valvu na pistoni. Watu hudhani hatari iko pale valvu ilipofunguka kabisa, kumbe wakati huo pistoni iko mbali. Hatari iko pistoni ikiwa juu, wakati valvu moja inafunga na nyingine inafungua. Bandika plastisini, ule udongo laini wa kuchezea watoto, juu ya pistoni, funga silinda hedi na gasketi yake, seti tapeti, zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili, kisha fungua ukate plastisini upime pale ilipokuwa nyembamba. Ukihisi kitu kimekwama, acha, usilazimishe. Mimi sishuki chini ya milimita 1.5 upande wa kuingiza na 2 upande wa kutoa, na mtengenezaji akitaka zaidi namfuata yeye.

Kama injini yako tayari ina mgandamizo mkubwa, kemshafti ya kufunga mapema inaweza kuifanya igonge, yaani petroli ilipuke yenyewe ndani ya silinda, ukivuta mafuta ghafla mlimani. Uliza kiwango cha mgandamizo ambacho kemshafti imetengenezewa, na ujue petroli unayotumia.

Kwa pikipiki ndogo za kazi nasema wazi: kemshafti ya kiwandani mara nyingi tayari ni ya nguvu ya chini. Badili sproketi ya mbele kutoka meno 15 hadi 14, na gurudumu litapata mvuto zaidi kwa karibu asilimia 7, bila kufungua injini. Utapoteza kasi kidogo juu.

Ukiamua kufunga kemshafti, pake nundu zake mafuta mazito ya kuunganishia kabla ya kuwasha, kisha rekebisha petroli upya, jeti za kabureta au programu ya sindano za petroli. Seti tapeti tena baada ya safari za kwanza, injini ikiwa imepoa kabisa.