Kuvisha pete ndege wahamaji kando ya ziwa: kazi ya asubuhi moja

Utaratibu huu ni wa vituo vya Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, kama kile cha Long Point, Ontario, kilichoanza 1960 kwenye Ziwa Erie. Ndege waimbaji wengi huhama usiku. Majira ya vuli, wakifika ufuko wa kaskazini, wengi hutua kula kabla ya kuvuka maji. Kuwanasa kunahitaji kibali. Anayejifunza hafanyi kazi bila mwenye kibali kando yake.

1. Tega nyavu za mita 12, matundu ya milimita 30, katikati ya vichaka. Mfuko wa chini kabisa (mkunjo wa wavu anamoangukia ndege) usiguse nyasi hata ukielemewa na ndege, la sivyo atalowa umande.

2. Fungua nusu saa kabla ya jua kuchomoza, ufanye kazi kwa muda wa saa 6, nyavu zilezile mahali palepale kila siku. Saa-wavu moja ni wavu mmoja uliokaa wazi kwa saa moja, hivyo nyavu 10 kwa saa 6 ni saa-wavu 60. Ukipata ndege 24, hiyo ni 40 kwa kila saa-wavu 100. Ukiongeza wavu kwa sababu ndege ni wengi leo, umeharibu ulinganisho na miaka iliyopita.

3. Zungukia nyavu kila dakika 30. Kukiwa na baridi au jua kali, kila 15. Mvua ikianza, funga mara moja: ndege aliyelowa hupoteza joto haraka sana.

4. Kumtoa, kwanza tafuta upande alioingilia. Kwa kawaida anza na miguu, kisha mabawa, kichwa mwisho. Shingo ikae kati ya kidole cha shahada na cha kati, mgongo kiganjani. Kamwe usibane kifua, maana hatapumua. Uzi ukinasa ulimini, usivute. Uinue taratibu kwa kijiti chembamba. Ukikwama, mwite mzoefu, na ikibidi kata uzi. Wavu utashonwa.

5. Chagua pete yenye namba kwa unene wa mguu: saizi 0 kwa wengi wa jamii ya Setophaga (ndege waimbaji wadogo), saizi kubwa zaidi, 1B, kwa Catharus ustulatus (ndege mwimbaji mkubwa kuliko hao). Ifunge kwa koleo maalumu hadi ncha zikutane sawasawa. Pengo hunasa nyuzi, na ncha zikipandana huumiza mguu. Hakikisha pete inazunguka bila kubana. Soma namba kwa sauti, mwandishi airudie.

6. Pima bawa lililokunjwa bila kulinyoosha. Kisha puliza manyoya chini ya koo: kwenye kishimo cha juu ya kidari, chini ya ngozi, mafuta huonekana ya manjano. Toa alama, 0 kwa asiye nayo. Mwisho mpime uzito kwa mizani ya gramu 0.1. Setophaga striata, mmoja wa jamii ya Setophaga, huwa na gramu 12 hivi, lakini kabla ya kuvuka Atlantiki anaweza kufika 20. Ndege huyohuyo akinaswa tena siku chache baadaye, tofauti ya uzito inaonyesha kama vichaka hivi vinamlisha. Ndicho kipimo chenye thamani kubwa kuliko vyote hapa.

7. Mwachie karibu na vichaka, si kuelekea majini.

Siku ambayo nyavu zilikuwa wazi na hakuna aliyenaswa, andika 0 pamoja na saa-wavu. Ukiacha nafasi tupu, mchambuzi atadhani kituo kilifungwa.