Maumivu ya nyonga kwa mfanya yoga: namna ya kuchagua tiba

Mtu anayefanya yoga akianza kuumwa nyonga, wazo la kwanza linalomjia ni kwamba nyonga imekaza na inahitaji kunyooshwa zaidi. Wazo hilo linaeleweka, kwa kuwa darasani amefundishwa mikao mingi inayosifiwa kwa kufungua nyonga, na kila alipojinyoosha alipata nafuu ya muda mfupi. Hata hivyo, kwa wengi wao kinachouma ni kano (kamba inayoushikiza msuli kwenye mfupa) iliyochoshwa na kuvutwa, au kiungo kinachosukumwa hadi mwisho wa uwezo wake, na vyote viwili huzidi kuumia vikivutwa. Ndiyo maana nashikilia kwamba tiba hapa haichaguliwi kwa kuuliza mkao upi utaiponya nyonga, bali kwa kuuliza kwanza ni kitu gani hasa kinachouma, kisha kuondoa kinachokichokoza, na ndipo kufikiria dawa, sindano au upasuaji.

Anza kwa kusimama na kuonyesha kwa kidole kimoja mahali panapouma zaidi.

Maumivu yaliyo mbele, kwenye kinena, mara nyingi hutoka ndani ya kiungo chenyewe. Mgonjwa wa namna hii akishindwa kuonyesha kwa kidole, huishika nyonga kwa kiganja, kidole gumba kikiwa nyuma na vidole vingine mbele, na daktari mzoefu huitambua ishara hiyo kabla hata ya kuuliza swali. Nyonga imeundwa kama mchi na kinu: kichwa cha mfupa wa paja huzunguka ndani ya tundu, na ukingo wa tundu hilo umezungukwa na pete ya gegedu, tishu laini lakini imara. Kwa baadhi ya watu shingo ya mfupa wa paja ni nene, au ukingo wa tundu umetokeza kupita kiasi, hivyo goti likivutwa sana kuelekea kifuani mfupa hugonga ukingo na kuibana ile pete. Kwa wengine tundu lina kina kifupi na kiungo huwa legevu. Hawa ndio mara nyingi husifiwa darasani kwa wepesi wa viungo vyao, ilhali wepesi huohuo ndio unaowaumiza. Umbo la mfupa wa mtu mzima halibadiliki kwa mazoezi. Ambaye mifupa yake hairuhusu mkao wa lotasi, yaani kukaa kila mguu ukiwa juu ya paja la pili, hataupata kwa subira, na akilazimisha, mzunguko ambao nyonga imeukataa utahamia kwenye goti.

Maumivu ya ubavuni, pale penye mfupa unaojitokeza juu ya paja, kwa kawaida hutokana na kano za misuli ya makalio zilizojishikiza hapo. Huwapata zaidi wanawake waliovuka miaka 40, nayo huongezeka mtu anapolalia upande huo, anapopanda ngazi au anaposimama kwa mguu mmoja. Maumivu ya chini ya tako, kwenye mfupa wa kukalia, huelekeza kwenye kano ya misuli ya nyuma ya paja, na huonekana kwa walimu na wanafunzi wa muda mrefu wanaoinama mbele siku baada ya siku miguu ikiwa imenyooka. Kukalia kiti kigumu au kusafiri safari ndefu kwa basi huyachochea. Maumivu yakiwa juu ya tako na yakashuka mguuni pamoja na ganzi au mchomo, chanzo huenda kikawa mgongo, na kuishughulikia nyonga peke yake ni kupoteza muda.

Kabla ya kujaribu lolote nyumbani, hakikisha kwamba hali yako si ile inayomhitaji daktari haraka. Aliyeanguka na kushindwa kukanyaga, mwenye homa pamoja na maumivu ya nyonga, anayepungua uzito bila sababu, anayeumwa usiku kucha hata akiwa ametulia, au aliyewahi kuugua saratani, asisubiri. Anayepata ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo au choo aende hospitali siku hiyohiyo. Kwa sisi wa Afrika Mashariki naongeza mambo mawili yanayotugusa kwa karibu. La kwanza ni selimundu (sikoseli). Kichwa cha mfupa wa paja hupata damu kupitia mishipa michache na midogo, na chembe za damu zilizojipinda zinaweza kuiziba mishipa hiyo hadi sehemu ya mfupa ikafa. Matumizi ya muda mrefu ya steroidi, dawa kali za kupunguza uvimbe, na unywaji mwingi wa pombe huleta madhara yaleyale. Mwanzoni eksirei inaweza kuonyesha mfupa usio na kasoro yoyote, na ni kipimo cha MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, kinachofichua tatizo mapema. Kijana mwenye selimundu anayeumwa kinena hapaswi kupewa mikao ya kunyoosha na mtu yeyote kabla ya kuonwa na daktari. La pili ni kifua kikuu cha mifupa, ambacho huingia polepole kwa wiki na miezi, kikiambatana na kuchechemea, homa za jioni na jasho la usiku, na ambacho hutibika vizuri kikigunduliwa kabla hakijala kiungo.

Yasipokuwepo hayo, tiba ya kwanza ni kupunguza mzigo kwenye kile kinachouma bila kuacha kabisa kufanya mazoezi, kwa sababu kano na misuli iliyopumzishwa kabisa hudhoofika na kurudi darasani ikiwa dhaifu kuliko ilivyotoka. Kinachopunguzwa hutegemea mahali panapouma. Anayeumwa kinena aache kwa muda kuchuchumaa hadi chini, kuvuta goti kifuani na mikao ya kujipinda huku amekunja nyonga, na katika mkao wa shujaa, ule wa kusimama kwa hatua ndefu goti la mbele likiwa limekunjwa, afupishe hatua. Anayeumwa ubavuni aache mikao inayovusha mguu mmoja juu ya mwingine, ukiwemo mkao wa njiwa, na nje ya mkeka aache kukaa kwa kukunja nne na kusimama akiwa ameegemea upande mmoja. Usiku aweke mto katikati ya magoti. Anayeumwa mfupa wa kukalia akunje magoti kila anapoinama mbele, na asijinyooshe misuli ya nyuma ya paja hata kama inahisi kukaza, kwa maana hisia hiyo mara nyingi ni malalamiko ya kano. Ushauri huu wa mwisho ndio ambao wafanya yoga huukubali kwa shida kuliko wowote, nami nauona kuwa ndio wenye faida kubwa zaidi.

Hatua inayofuata, na ambayo ndiyo kiini cha tiba kwa watu wengi, ni kujenga nguvu. Yoga huipa nyonga upana wa mwendo kwa wingi, lakini huipa uzito wa kunyanyua kidogo, na kano huimarika kwa kubebeshwa uzito unaoongezwa taratibu. Mwaka 2018 jarida la tiba la BMJ lilichapisha utafiti uliofanywa Australia kwa watu 204 wenye maumivu ya kano za ubavuni mwa nyonga. Kundi moja lilipewa elimu na mazoezi, la pili sindano ya steroidi, na la tatu likaachwa lisubiri. Baada ya wiki 8, waliosema wamepata nafuu ya kutosha walikuwa takriban asilimia 77 katika kundi la mazoezi, asilimia 58 katika kundi la sindano na asilimia 29 katika kundi lililosubiri. Elimu waliyopewa ilihusu mambo madogo kama yale ya kukaa, kusimama na kulala niliyoyataja.

Chukua mfano wa zoezi moja kwa mwenye kano ya nyuma ya paja. Lala chali, kunja magoti, weka nyayo chini zikiwa mbali kidogo na makalio kuliko ulivyozoea katika mkao wa daraja. Kandamiza visigino kwenye mkeka hadi uhisi misuli ya nyuma ya paja ikishika, kisha nyanyua makalio polepole ukihesabu hadi tatu, shikilia, na ushushe kwa hesabu hiyohiyo. Makalio yasipande juu kuliko mstari wa mabega na magoti, kwa kuwa hapo kazi huhamia mgongoni. Likiwa jepesi, fanya kwa mguu mmoja, na baadaye weka mzigo juu ya kiuno. Maumivu yakiwa hayazidi tatu au nne katika kipimo cha sifuri hadi kumi, na yakawa yametulia kufikia asubuhi ya kesho yake, kiasi hicho kinafaa. Yakibaki juu, punguza uzito, usiache zoezi. Jipe wiki 12 kabla ya kuhukumu kwamba njia hii imeshindwa, kwa sababu kano hubadilika polepole kuliko msuli.

Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi na viungo, ndiye wa kumwona kama baada ya wiki chache za kupunguza mzigo hali haijabadilika, au kama hujui maumivu yanatoka wapi. Mtambue aliye mzuri kwa namna anavyokupima. Atakutazama ukitembea na kusimama kwa mguu mmoja, atakulaza chali, atakunja nyonga yako na kuizungushia ndani, kisha atakunja mguu wako juu ya mwingine na kusikiliza unaposema panauma, ataupima pia mgongo, na atalinganisha upande mzima na unaoumwa. Atakuuliza unafanya yoga ya aina gani na mara ngapi, na pengine atakuomba umwonyeshe mkao unaokuumiza. Anayekuweka moja kwa moja kwenye mashine ya umeme au ya joto, akakuacha hapo nusu saa na kukupangia miadi mingine ya vivyo hivyo, hajakupa tiba ya kutosha, na una haki ya kumuuliza mpango wake wa kukurudishia nguvu ni upi na atajuaje kwamba unaendelea vizuri.

Picha zina mahali pake, ila zisomwe kwa uangalifu. Eksirei ni ya bei nafuu na huonyesha umbo la mfupa na kulika kwa kiungo, hivyo kwa mwenye maumivu ya kinena ndiyo ya kuanzia. MRI huonyesha gegedu na kano, lakini huonyesha pia mambo yasiyomuumiza mtu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012 watu 45 wasio na maumivu yoyote ya nyonga walipigwa picha ya MRI, na asilimia 69 kati yao walikutwa na mchaniko katika ile pete ya gegedu. Kwa hiyo ripoti inayosema pete imechanika haitoshi kumpeleka mtu chumba cha upasuaji. Lazima ilingane na mahali panapouma na yale yaliyoonekana wakati wa kupimwa kwa mikono.

Kuhusu dawa nitasema machache. Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza maumivu kwa siku kadhaa, lakini kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au shinikizo la damu ni hatari, na mazoea ya kuchomwa sindano ya diklofenaki duka la dawa kila maumivu yanaporudi yaachwe. Usimeze dawa ya kutuliza ili uweze kuingia darasani, kwani utakuwa umezima taarifa unayoihitaji. Sindano ya steroidi humfaa mtu ambaye maumivu yanamzuia kulala au kuanza mazoezi, mradi aitumie nafuu hiyo kujenga nguvu. Kuirudia mara kwa mara hudhoofisha kano. Kukandwa na kuchuliwa hulegeza misuli na si vibaya, ila mkandaji asibonyeze kwa nguvu juu ya kano yenyewe wala asijaribu kurudisha mfupa mahali pake.

Upasuaji ni wa wachache, na hapa umbo la mfupa ndilo linaloamua. Kwa mifupa inayogongana, upasuaji wa kutumia kamera ndogo unaweza kusaidia: mwaka 2018 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza uliohusisha watu 348, ambao ulionyesha kwamba waliopasuliwa na waliofanya fiziotherapia wote walipata nafuu ndani ya mwaka mmoja, ingawa waliopasuliwa waliwazidi kwa kiasi fulani. Nikisoma matokeo hayo naona sababu ya kuanza na mazoezi yanayosimamiwa vizuri, kisha kumwona daktari bingwa wa mifupa yakishindwa. Mwenye tundu la kina kifupi asikubali upasuaji wa kamera kabla ya kupata maoni ya bingwa anayelifahamu tatizo hilo, kwa kuwa kukata zaidi kwenye kiungo kilicholegea kunaweza kukilegeza zaidi. Kiungo kilicholika kabisa hubadilishwa, na upasuaji huo hufanyika pia kwetu, kwa mfano katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2019 ulikadiria kwamba takriban nyonga bandia 58 kati ya 100 hudumu miaka 25, jambo ambalo mgonjwa wa miaka 45 apaswa kulipima kwa namna tofauti na mwenye miaka 70. Muulize daktari kabla ya upasuaji, si baada yake, atapitia upande gani wa nyonga na ni mikao ipi utaikatazwa na kwa muda gani, kwani ukipasuliwa kwa kupitia nyuma, kukunja nyonga sana huku paja likiwa limevutwa kuelekea paja la pili na kuzungushiwa ndani kunaweza kuchomoa kiungo kipya.

Kwa njia yoyote utakayoichagua, mweleze mwalimu wako kabla ya kipindi kuanza. Mwambie panapouma na mikao uliyoiacha, na umwombe waziwazi asikusukume wala kukukandamiza kwa mikono ili ushuke zaidi. Mkao wa njiwa unaweza kurudi baadaye, ukianza chali mkekani, kifundo cha mguu kikiwa juu ya paja la pili na mikono ikilivuta paja hilo kwa kiasi ambacho maumivu yanavumilika, na maumivu ya ubavuni yakikaa kimya siku mbili mfululizo baada ya jaribio hilo, ongeza kidogo juma linalofuata.