Vifaa vya mkimbiaji wa kawaida: anza na miguu, saa iwe ya mwisho

Mtu akiniambia ameamua kuanza kukimbia, swali lake la kwanza huwa ni saa: ninunue ipi? Namwelewa, nami nilianza hivyohivyo. Nilikuwa na saa inayohesabu kila kitu, na raba nilizozichagua kwa rangi. Wiki ya tatu kucha za vidole gumba vyote viwili zikawa nyeusi, na baadaye zikang'oka. Saa ilibaki nzima kabisa.

Mpangilio ulio hapa chini ndio ambao ningetamani mtu anipe siku ile. Unamfaa anayekimbia mara tatu au nne kwa wiki kwa ajili ya afya na raha yake.

Hatua ya 1: Raba

Nenda kununua alasiri au jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga, na ukikimbia huvimba zaidi. Vaa soksi zilezile utakazokimbilia. Jaribu miguu yote miwili. Watu wengi wana mguu mmoja mkubwa kuliko mwenzake, na huo mkubwa ndio unaoamua saizi. Simama wima, kisha bonyeza mbele ya kidole chako kirefu kuliko vyote (kwa wengine ni cha pili, si gumba): pawepo nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kisigino kisicheze, na ubavuni kusibane. Mara nyingi utajikuta umechukua nusu saizi au saizi nzima juu ya viatu vyako vya kila siku, na hakuna ubaya.

Kisha kimbia hatua chache palepale. Raba inayokufaa hukufaa tangu dakika ya kwanza. Muuzaji akikwambia "itaachia ikizoea mguu", irudishe kwenye boksi.

Usibabaishwe na raba zenye bamba la kaboni ndani. Zimetengenezwa kwa ajili ya kasi ya mashindano, na sisi wa mwendo wa taratibu hatuna haja nazo. Mwaka 1960 Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Rome akiwa peku, na inasimuliwa kwamba viatu alivyopewa vilikuwa havimkai vizuri. Miaka minne baadaye akashinda tena Tokyo, safari hii akiwa amevaa viatu. Sikutumi ukimbie peku, ila ukweli ni kwamba kiatu kisichokukaa ni hasara hata kiwe cha kisasa namna gani.

Raba nyingi hudumu kilomita 500 hadi 800. Andika tarehe uliyoanza kuzitumia ndani ya ulimi wa kiatu, kwa sababu macho hudanganya: juu zinaonekana mpya wakati sifongo la chini limeshakufa. Zikilowa, toa soli ya ndani na uzijaze magazeti. Usizianike karibu na moto, kwani gundi huachia.

Hatua ya 2: Kamba na kucha

Juu kabisa ya raba, karibu na kifundo, kuna tundu la ziada ambalo wengi hatulitumii. Pitisha kamba kwenye tundu hilo la upande uleule ili upate kitanzi kidogo kila upande. Ncha ya kulia ipite kwenye kitanzi cha kushoto, ya kushoto ipite kwenye cha kulia, vuta, kisha funga kama kawaida. Kisigino kitatulia, na ukishuka mlima vidole havitagonga mbele. Kata kucha fupi, kwa mstari ulionyooka. Mambo haya mawili hayana gharama yoyote, na ndiyo yangeokoa kucha zangu.

Hatua ya 3: Soksi, nguo na mafuta

Achana na pamba. Hunyonya jasho ikalishikilia, na malengelenge hutokea ngozi iliyolowa inaposuguliwa. Tafuta soksi na fulana za nyuzi zinazokauka haraka. Kwa mwanamke, sidiria ya michezo ijaribiwe kwa kuruka na kuinua mikono: ukingo wa chini ukipanda juu, ni kubwa.

Kabla ya safari ndefu, paka mafuta ya mgando katikati ya mapaja, kwapani, chini ya ukanda wa sidiria na, kwa wanaume, kwenye chuchu. Usicheke. Siku utakayorudi na fulana yenye mistari miwili ya damu kifuani, halafu uingie kuoga, utanikumbuka.

Hatua ya 4: Kasi

Hapa ndipo wengi huumia, na hakuna duka linalouza dawa yake. Kipimo ni kimoja: ukiwa unakimbia, uweze kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukishindwa, punguza. Ukiona hata mwendo wa kujikokota unakumaliza, tembea. Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki za 1972, alijulikana kwa kufundisha watu wa kawaida kuchanganya kukimbia na kutembea kwa makusudi, kabla hawajachoka. Anza na dakika moja ya kukimbia na mbili za kutembea, kwa dakika 20 au 25. Wiki zinavyokwenda, ongeza za kukimbia na upunguze za kutembea.

Kwa nini polepole? Moyo na mapafu huzoea upesi. Baada ya wiki chache tu utaona unapumua vizuri. Kano na mifupa huchukua miezi. Kwa hiyo kuna kipindi, mara nyingi mwezi wa pili, ambapo pumzi inakuruhusu kukimbia mara mbili zaidi lakini muundi haujakuruhusu. Mimi niliisikiliza pumzi, nikakaa nyumbani wiki sita.

Tangu hapo nina taratibu zangu. Siongezi umbali na kasi katika wiki moja. Kila baada ya wiki tatu, ya nne huwa nyepesi. Maumivu ya misuli yaliyotapakaa, yanayopungua kadiri unavyopasha mwili, naendelea nayo kwa upole. Lakini maumivu ya mahali pamoja pa mfupa, unapoweza kupagusa kwa ncha ya kidole, yanayozidi unapokimbia au kukuamsha usiku, yanamaanisha kusimama kabisa na kumwona daktari, kwa sababu huenda mfupa umeanza ufa.

Hatua ya 5: Kabla na baada

Tembea haraka dakika tano, bembeza miguu mbele na nyuma, kisha anza. Kujinyoosha kwa kutulia muda mrefu kuache hadi umemaliza. Mara mbili kwa wiki, simama kwenye ngazi kwa ncha za miguu, panda na kushuka visigino taratibu mara 15, raundi tatu. Zoezi hili la mashavu ya miguu linachosha akili kuliko mwili, ndiyo maana watu huliacha. Usiliache.

Hatua ya 6: Maji

Chini ya saa moja, kama hakuna joto kali, huhitaji kubeba chupa. Kunywa ukisikia kiu. Kujilazimisha maji mengi hupunguza chumvi kwenye damu, na hilo linaweza kuua. Ukitaka kujua unapoteza kiasi gani, jipime uzito kabla na baada: kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho. Ukirudi mzito kuliko ulivyotoka, ulikunywa kupita kiasi.

Kichomi kikikushika ubavuni, punguza mwendo, bonyeza pale panapouma na utoe pumzi ndefu. Mlo mkubwa upishe saa mbili au tatu kabla ya kutoka.

Hatua ya 7: Barabarani

Pasipo na njia ya waenda kwa miguu, kimbia ukiyatazama magari yanayokuja. Giza likiingia, vitu vinavyoakisi mwanga vifunge pia vifundoni na magotini, kwa sababu dereva hutambua upesi zaidi kwamba ni mtu akiona miguu inayochezacheza. Ukipenda muziki, acha sikio moja wazi. Mfukoni weka karatasi yenye jina lako na namba ya ndugu yako.

Hatua ya 8: Saa, sasa

Umeshakimbia miezi miwili na bado unaitaka? Nunua, ya kawaida inatosha. Jua tu kwamba kupima mapigo ya moyo kifundoni mwa mkono huyumba, hasa ukibadilisha kasi. Mkanda wa kifuani ni sahihi zaidi. Na ile hesabu ya kukadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo, 220 kutoa umri, ni wastani wa watu wengi, yako inaweza kupishana nayo kwa mapigo 10 au zaidi. Saa ikitofautiana na kile kipimo cha kusema sentensi nzima, amini sentensi.

Saa yangu ile ya kwanza ninayo hadi leo. Huwa naitazama nikishafika nyumbani.