Ngege Si Kuku: Usimwongezee Chakula Wakati wa Baridi

Kila mwaka, kati ya Juni na Agosti, wafugaji wa ngege, yaani tilapia, wa Nairobi na viunga vyake huniambia kwamba chakula kinakwisha na samaki hawakui. Wengi wao hufuga pia kuku na ng'ombe wa maziwa, na hapo ndipo kosa linapoanzia: wameona kuku akila zaidi siku za baridi, nao wakamwongezea samaki vilevile.

Makundi matano ya wanyama wenye uti wa mgongo, yaani samaki, amfibia, reptilia, ndege na mamalia, tuliyakariri sote shuleni, lakini mpaka unaoyatenganisha umesahaulika. Ndege na mamalia hujitengenezea joto kutokana na chakula, ndiyo maana kuku hubaki karibu nyuzi 41 na ng'ombe karibu nyuzi 38.5 asubuhi ya Julai kama alasiri ya Februari. Chura, mjusi na ngege hawana uwezo huo. Mjusi angalau huota jua juu ya jiwe. Ngege aliyefungiwa bwawani hana pa kwenda, na joto la mwili wake ni lile la maji. Maji yakipoa, chakula husagika polepole tumboni, na kile asichokila huzama, kikaoza na kumaliza oksijeni, ambayo huwa imepungua zaidi alfajiri, hasa baada ya siku ya mawingu. Mfugaji akiwakuta samaki wanatweta juu ya maji hudhani wana njaa, akawarushia tena. Huko ni kuwaua kwa gharama yako mwenyewe.

Pima joto la maji kwa kipimajoto kilichozamishwa sentimita 30 kwa dakika 3, saa mbili asubuhi na saa nane mchana. Kidole si kipimajoto, na maji ya juu yaliyopigwa na jua yatakudanganya. Kipimo cha mchana ndicho kitakachoamua mgawo. Tuchukue ngege 1,000 wenye wastani wa gramu 100 kila mmoja, jumla kilo 100. Maji yakiwa nyuzi 25 au zaidi, wape asilimia 3 ya uzito huo, yaani kilo 3 kwa siku, kwa awamu mbili. Yakiwa kati ya 20 na 25, wape nusu yake. Yakishuka chini ya 20, kilo 1 inatosha, mara moja tu, saa nane mchana maji yakiwa yamepata joto. Chini ya 17 usiwape chochote, hata kama ni siku tatu mfululizo. Hawatakufa njaa, kwa kuwa mwili uliopoa hutumia nguvu kidogo mno. Na tafadhali, chakula kipimwe kwa mizani. Gorogoro ni ya mahindi sokoni.

Kisichokuwa kimeliwa baada ya dakika 15 kiopolewe kwa wavu, na siku inayofuata mgawo upunguzwe. Kambare naye ni wa maji ya joto, kwa hiyo asitumiwe kama njia ya kukwepa kanuni hii; anayetaka samaki wa baridi ni wa kufuga trauti, ambaye naye hudai maji safi yanayotiririka kama ya mito ya Mlima Kenya, si bwawa lililotuama la Ruai.

Ukiona samaki wamekimbilia chakula na kukimaliza upesi, mgawo uko sawa. Septemba usirudi kilo 3 kwa siku moja: ongeza robo kilo kila baada ya siku mbili, na iwapo kipimo cha saa nane kitashuka tena, rudi nyuma siku hiyohiyo.