Kulinda Macho ya Wafanyakazi Katika Karakana Ndogo za Nairobi

Karakana ya chuma ya Kariobangi, au ile ya pembeni mwa Barabara ya Kirinyaga, kwa kawaida huwa na mashine mbili tatu, mafundi wachache na kijana wa kushikilia vyuma, wote wakibanana mahali ambapo hata gari dogo lingeegeshwa kwa shida. Katika nafasi hiyo, cheche za mmoja huwafikia wote. Mwongozo huu basi unamlenga mwenye karakana, kwa kuwa yeye ndiye anayeamua kitakachonunuliwa na mahali atakaposimama kila mtu.

Kabla ya kununua miwani hata moja, simama kando kazi ikiendelea, na kwa kila kazi ujiulize ni kitu gani kinachoruka, kinaelekea wapi, na ni nani aliye katika njia yake. Grainda hurusha cheche pamoja na chembe za diski yenyewe. Patasi ambayo kichwa chake kimefumuka kwa kugongwa inaweza kumeguka na kurusha kipande kidogo chenye kasi kubwa. Betri ya gari ina asidi, na inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche moja tu. Mwashi anayechanganya saruji au chokaa anashughulika na alkali, ambayo kwa jicho ni hatari kuliko asidi nyingi, kwa sababu huendelea kupenya ndani.

Mengi ya hayo hupunguzwa pale pale yanapoanzia. Usiruhusu kikinga cha grainda kiondolewe ili diski kubwa zaidi iingie. Kasi ya juu iliyoandikwa kwenye diski isiwe chini ya kasi ya mashine, la sivyo diski inaweza kupasuka. Kichwa cha patasi kilichofumuka kisagwe hadi kiwe laini. Vumbi la chuma lifagiliwe kwa brashi, na tabia ya kujipuliza nguo kwa kompresa jioni ikomeshwe kabisa, kwa kuwa huliinua vumbi hilo moja kwa moja hadi usoni.

Baada ya hapo ndipo miwani inapohitajika. Miwani ya kusomea haimkingi mtu, na ya jua haimkingi pia. Tafuta miwani ya polikaboneti, yaani plastiki ngumu isiyopasuka kwa urahisi, yenye mbavu za pembeni, na uangalie alama iliyochapwa kwenye kioo au fremu: Z87 ni ya kiwango cha Marekani, na EN 166 ni ya Ulaya. Katika alama za Ulaya, herufi F inaonyesha kuwa kifaa kimepimwa kwa kipande kinachokwenda mita 45 kwa sekunde, na B kwa mita 120 kwa sekunde. Kwa grainda, ngao ya uso ivaliwe juu ya miwani, wala isiwe badala yake, kwa maana chembe hupenya kutoka chini. Anayemimina asidi anahitaji miwani inayoshika uso pande zote, kwani majimaji hupita kwa urahisi penye mwanya. Kila mfanyakazi apewe yake: miwani ya kuazimana hukwaruzika upesi, na kioo kilichokwaruzika ndicho kinachomfanya fundi aivue.

Kuchomelea kunastahili maelezo zaidi. Kwa umeme wa takriban ampea 100 hadi 150, kioo cheusi kiwe namba 10 au 11 (namba ikipanda, kioo ni cheusi zaidi). Kwa gesi, namba 4 hadi 7 hutosha kwa kazi nyingi. Fundi anapomaliza mshono huinua kioo cheusi na kugonga gamba lililoganda juu yake, na gamba hilo hurukia jicho ambalo sasa halina kinga. Miwani ya kinga isiyo na rangi ivaliwe chini ya kofia ya kuchomelea tangu mwanzo. Kijana anayeshikilia bomba, ambaye kwa desturi huambiwa tu ageuze uso, apewe kofia yake mwenyewe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri kutoa vifaa vya kinga, na wapita njia na wateja nao wakingwe. Kipande cha bati kilichopakwa rangi isiyong'aa kinatosha kuwa kizuizi cha mwanga na cheche, na Kamukunji hakikosekani.

Mwanga wa kuchomelea hauumi papo hapo. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, mtu akihisi kana kwamba ana mchanga machoni. Vipande vya viazi na maziwa visitumike kutuliza maumivu hayo, kwani huweza kuleta vijidudu. Dawa ya matone ya kutia ganzi isitumiwe nyumbani, kwani huchelewesha kidonda kupona.

Kemikali ikiingia, jicho lioshwe mara moja kwa maji safi yanayotiririka, kope zikiwa zimefunguliwa, kwa dakika 15 au zaidi, kisha mtu apelekwe hospitalini. Kiwango cha Marekani cha vifaa vya kuoshea macho kinadai angalau lita moja na nusu kwa dakika, yaani lita 22 na nusu kwa dakika 15; mtungi mmoja wa lita 20 haufiki. Kwa jinsi maji yanavyokatika Nairobi, weka mitungi miwili iliyofunikwa, na ubadilishe maji kila wiki.

Kitu kilichodunga jicho na kukwama ni habari tofauti: usioshe jicho, usikitoe kitu hicho, usikandamize. Funika jicho kwa kitako cha kikombe safi kisichogusa jicho, kisha mtu apelekwe Hospitali ya Kenyatta au Hospitali ya Macho ya PCEA Kikuyu. Kijiti cha kiberiti na ncha ya leso, ambavyo mafundi wengi huvitumia kutoa chembe, vipigwe marufuku. Aliyekuwa akigonga chuma kwa nyundo na akahisi kama kitu kimempiga jichoni apimwe hata kama haumwi, kwa kuwa kipande chenye kasi huweza kuingia ndani bila maumivu makali.

Mwisho, andika kila jeraha katika daftari siku hiyo hiyo, pamoja na jina, saa na kazi iliyokuwa ikifanywa, kwa sababu madai ya fidia chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007 huhitaji taarifa, na daftari hilo pia litakuonyesha ni mashine ipi ya kushughulikiwa kwanza.