Kabla ya kubeba bomba, angalia nani katua shambani

Mvua za kwanza zinapokaribia Mbeya na Iringa, mwezi wa 11 hivi, ndege wageni nao wako njiani, wakikimbia baridi ya Ulaya na Asia. Mbayuwayu husafiri mchana, lakini wengi wa wale wadogo wala wadudu hupita usiku. Upepo ukiwasukuma kwa nyuma, wanapita juu hata usijue. Ukiwageukia, au mvua na ukungu vikifunga milima, wanashuka popote penye kichaka. Ndiyo maana asubuhi ya baada ya mvua unaweza kukuta ua wa shamba umejaa ndege ambao jana hawakuwapo.

Baadhi yao hawazidi gramu 10, na mafuta ya mwilini yamekwisha. Wanatafuta wadudu. Asubuhi hiyohiyo ndiyo wengi wetu tunabeba bomba la mgongoni kupiga dawa ya wadudu! Subiri. Majani yakiwa na maji dawa inachuruzika, pesa imepotea, na mdudu anayekufa polepole ndiye ndege humdaka kwa urahisi, akala na sumu yake.

Itumie asubuhi hiyo kukagua. Dhoruba inayoshusha ndege hushusha pia nondo wa viwavijeshi, wale viwavi walao majani kwa makundi, maana nondo hao nao hubebwa na upepo, na mayai yao huanguliwa baada ya siku chache. Ukiona makorongo wengi wanadonoa kwenye nyasi, nenda ukaangalie wanakula nini. Kiwavijeshi vamizi ni habari nyingine: anajificha ndani ya moyo wa mmea wa mahindi, ndege hamfikii vizuri. Huyo mfuate na bomba jioni, ukilenga moyo wa mimea iliyoshambuliwa tu.

Na vichaka wanapotua ndege hao, vipunguzwe kidogo kidogo? Hapana. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, basi eneo hilo liachie vichaka vya asili na usilichome moto unapoandaa shamba. Mikaratusi na misindano, tunayoipenda mno kule Mufindi, haina wadudu wengi wa kumshibisha mgeni.

Wakulima wa mpunga wa Mbarali, najua mnawaza kwelea kwelea. Hao wanakula nafaka na huja kwa makundi makubwa. Mkiwaona, mwambieni mapema afisa ugani wa kata. Msitege nafaka yenye sumu, kwani njiwa na kuku wenu wataila kwanza.