Namna ya kupima na kulinda ombwe la mtungi wa naitrojeni wa mbegu za ng'ombe

Mwongozo huu ni wa mhimilishaji, yaani mtu anayempandikiza ng'ombe mbegu za dume kwa mrija, mwenye mtungi wake mmoja au miwili, anayejaza naitrojeni ya maji (gesi iliyopozwa hadi ikawa kimiminika) Usa River karibu na Arusha, na kupanda nayo mlimani Kilimanjaro hadi Kibosho, Machame au Marangu. Mbegu iliyoharibiwa na joto haitambuliki kwa macho. Mrija unabaki na rangi yake na jina la dume, ng'ombe anahimilishwa, kisha baada ya siku 21 anarudi kwenye joto la kutaka dume, na wiki tatu za mfugaji zimekwenda bure. Hapo hulaumiwa ng'ombe, au dume, au mkono wa mhimilishaji. Mimi nakuomba uanze na mtungi, kwa sababu huo unapimika kwa mizani ya kawaida.

Hatua ya 1: Jua kinachozuia joto

Mtungi wako ni mitungi miwili, mmoja ndani ya mwingine, na katikati yake hewa imenyonywa ikabaki ombwe. Ni ubunifu wa James Dewar, London, mwaka 1892, na chupa ya chai ya nyumbani ilitokana nao. Ila mtungi wetu una zaidi. Ndani ya lile ombwe mna tabaka nyingi za karatasi nyembamba ya alumini, zikitenganishwa na karatasi ya faibaglasi ili zisigusane. Ombwe linazuia joto linalobebwa na hewa, alumini inarudisha joto linalosafiri kama mwanga. Pamewekwa pia kemikali ya kunasa chembe za gesi zinazobaki au kuvuja taratibu kutoka kwenye vyuma vyenyewe.

Linganisha na vizuia joto vingine. Povu la poliurethani, lile la kwenye kuta za friji, hupitisha kama wati 0.02 kwa mita kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Unga wa perlaiti ndani ya ombwe, unaotumika kwenye matangi makubwa, hupitisha kama 0.001 hadi 0.002. Tabaka za alumini kwenye ombwe zuri hushuka chini ya 0.0001. Hewa ikiingia, faida hiyo yote inapotea, na zile karatasi peke yake hazikusaidii.

Njia kubwa ya joto iliyobaki ni shingo. Mtungi wa ndani umening'inia kwenye shingo ya faibaglasi, na kizibo cha povu kinakaa humo. Kizibo hakibani kabisa, na usijaribu kukibana kwa plastiki wala mpira. Gesi lazima itoke, la sivyo mtungi utapasuka.

Hatua ya 2: Baridisha kabla ya kupima

Mtungi uliokaa mtupu una joto la chumba. Mimina lita chache polepole, uache mvuke utulie, ndipo ujaze. Zile tabaka huchelewa kupoa, kwa hiyo siku mbili za kwanza naitrojeni hupungua haraka. Vipimo vya siku hizo usivitumie kuuhukumu mtungi.

Hatua ya 3: Pima kwa mizani

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Tafuta mizani inayosoma gramu 50 au chini ya hapo. Ya duka la nafaka ikiwa ya kidijitali inafaa. Pima mtungi pamoja na kizibo chake, andika kilo, tarehe na saa. Uache wiki nzima bila kuufungua, sehemu ileile, kisha pima tena kwa mizani ileile.

Lita moja ya naitrojeni ya maji ina uzito wa kama kilo 0.8. Tuseme mtungi wa lita 20 umepungua gramu 840 kwa siku saba: hiyo ni gramu 120 kwa siku, yaani lita 0.15. Mtungi huo ni mzima, na ukijaa utakaa miezi minne na ushei bila kufunguliwa. Joto linaloingia humo halifiki hata theluthi moja ya wati, wakati ndani ni nyuzi 196 chini ya sifuri. Ukikuta unapoteza lita nzima kwa siku, ombwe limeharibika.

Rudia kila baada ya miezi mitatu, uandike kwenye daftari. Thamani ya daftari iko kwenye mwelekeo: mtungi unaotoka lita 0.15 kwa siku kwenda 0.2, halafu 0.3, unakwambia kwaheri ukiwa bado na naitrojeni.

Hatua ya 4: Kijiti

Katikati ya vipimo hivyo tumia kijiti kikavu cha mbao. Kizamishe hadi chini, hesabu hadi kumi, kitoe, kipepee hewani. Jalidi nyeupe itaishia pale kimiminika kilipofika. Usitumie bomba lenye uwazi, kwani kimiminika huruka juu hadi usoni.

Hatua ya 5: Kagua nje na safarini

Papasa bega la mtungi asubuhi. Umande au jalidi kwenye ukuta wa nje, mbali na mdomo, maana yake baridi inatoka na ombwe limekwisha. Uweke juu ya mbao, kwa sababu sakafu ya saruji yenye unyevu hula alumini.

Barabara za kupanda mlimani ndizo zinazoua mitungi mingi. Kwa kuwa uzito wote wa ndani umeshikwa na shingo, kila shimo huitikisa ile gundi inayounganisha faibaglasi na alumini. Funga mtungi wima ndani ya kreti yenye godoro, na usiulaze hata kidogo. Kwenye gari fungua madirisha: lita moja hutoa karibu lita 700 za gesi, nayo hufukuza oksijeni bila harufu wala dalili.

Hatua ya 6: Ombwe likiisha

Hamisha mbegu siku hiyohiyo kwenye mtungi wa mwenzako, mirija ikiwa nje kwa sekunde chache tu. Usimpe fundi wa friji aunyonye upya. Pampu yake haifikii ombwe linalotakiwa, na akishafungua kizibo kidogo cha ukutani, kile cha kunyonyea hewa, unyevu unaingia kwenye tabaka za alumini. Kazi hiyo inataka pampu maalumu, na mtungi upashwe joto huku ukinyonywa kwa siku kadhaa. Kama hujampata mwenye vifaa hivyo, uandike ubavuni kwa rangi: HAUHIFADHI, usije ukaazimwa.